Mtani Wangu na Mkutano wa Roketi

Nianze na Kasiani, maana bila yeye ningesema nilichokwenda kusema, nikarudi nyumbani, na leo nisingekuwa na cha kuandika.

Kasiani ni Mngoni wa Songea. Mimi Mashauri ni Msukuma wa Magu. Kwa asiyejua, Mngoni na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu. Anaweza kuingia kwangu akafunua sufuria bila kuuliza, akala nyama, akaniambia nimepika kama mchunga ng'ombe aliyepotelewa na ng'ombe, na nikikasirika mwenye kosa ni mimi. Nami kwake ni hivyo hivyo. Anaendesha basi hapa Sweden na anakaa Hallunda, karibu na mwisho wa njia nyekundu ya treni. Mimi nakaa Husby, karibu na mwisho wa njia ya bluu, na kazi yangu ni kusafisha mabehewa ya treni hizo hizo. Ukitaka kujua wakubwa wa mji huu wanatufikiriaje, huna haja ya kusoma kitabu. Tazama ramani ya treni uone wametuweka wapi.

Mwaka wa themanini na saba Kasiani alishikwa na ugonjwa wa roketi. Abiria huacha magazeti kwenye viti vya basi, naye akifika kituo cha mwisho huyaokota na kuyasoma mpaka muda wa kuondoka. Akija kwangu Jumapili hana habari nyingine. Warusi wana nyumba inayozunguka angani na watu wao wanaishi humo miezi kwa miezi. Wamarekani wanataka kujenga kubwa kuliko hiyo, ingawa mwaka uliotangulia chombo chao kilipasuka na watu saba ndani, dunia nzima ikitazama. Na Ulaya nayo imeona wivu, inataka chumba chake katika nyumba ya Wamarekani, na ndege yake ya kupandia huko. Mawaziri wangekutana Uholanzi mwezi wa Novemba kupanga nani achangie nini.

Nikamwuliza Sweden itachangia kutoka wapi, maana kila siku tunaambiwa hospitali hazina uwezo. Akasema hayo ni mafungu mawili tofauti. Nikamwambia mafungu ni ya kwao, kodi ni moja.

Hapa lazima nimtaje Paskalia, mke wangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Sundbyberg, akiwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu. Akaanza kukosa pumzi kwenye ngazi. Daktari akampima, akasema mishipa ya moyo imeziba, inabidi apasuliwe, na akipasuliwa atapona. Akamweka kwenye foleni. Nilikuwa nikipiga simu, na kila nikipiga napokewa na sauti ya upole inayoniambia bado yumo kwenye foleni na asante kwa kupiga. Nchi hii hawakufokei. Wangekufokea ungejua pa kurushia jiwe. Paskalia alifia kwenye benchi la kituo cha Sundbyberg, akitoka kazini, mkoba mapajani, na watu wakadhani amesinzia.

Yule daktari simlaumu. Hata nesi simlaumu. Ninayemtafuta ni aliyekaa kwenye kiti akaamua vyumba vya kupasulia mioyo viwe vichache kuliko mioyo.

Sasa Jumapili moja Kasiani yuko mezani kwangu, anachovya mkate kwenye chai, akanieleza ajabu aliyoisoma. Alisema mtu akiwa kule juu wanambandika vidude kifuani, na moyo wake unasomwa huku chini duniani. Kuna ukumbi mzima wa watu, madaktari wamo, wamekaa mbele ya vioo vya televisheni, wanaangalia moyo wa mtu mmoja ukipiga. Ukiruka pigo wanajua kabla mwenyewe hajajua.

Aliponyanyua macho akauona uso wangu, akaiacha habari ya angani. Akamaliza chai, akaaga mapema.

Mimi nilibaki na ile habari. Sikulala nayo vizuri, na asubuhi niliamka nimeshajua nitaisemea wapi. Pale Husby, kwenye ukumbi wa mtaa, kulikuwa na tangazo la chama cha masomo ya watu wazima: mjadala wa hadhara Jumamosi mchana, Je, Sweden ipeleke binadamu angani? Mtaa mzima unakaribishwa, kila mtu kwa lugha yake, wakalimani watakuwepo. Na mezani, pamoja na mhandisi mmoja na mwalimu mmoja, angekaa mama wa siasa ambaye nilimfahamu kwa sura kutoka gazetini. Ni mmoja wa wanaokaa kwenye kamati ya mambo ya hospitali.

Waswidi wana utaratibu wao wa mikutano, na nilishauzoea kwenye chama cha wafanyakazi. Unaandikisha jina kwenye orodha ya wasemaji. Zamu yako ikifika unasema kwa dakika tatu, mwenyekiti anagonga nyundo. Lakini ndani ya zile dakika ukimwuliza swali mtu wa mezani, lazima akujibu palepale mbele ya watu. Hicho ndicho nilichokitaka. Sikutaka barua wala simu ya sauti ya upole. Nilitaka nieleze habari ya moyo wa angani na moyo wa Sundbyberg, halafu nimwulize yule mama swali moja, nani aliamua, kisha nisimame nimtazame mpaka ajibu.

Nilimweleza Clementina. Huyu ni dada wa Bukoba, mkalimani aliyekula kiapo, na ndiye waliyempanga kwa Kiswahili siku hiyo. Aliniambia, Kaka Mashauri, maneno yako ni mazuri, lakini yagawe: dakika mbili habari, dakika moja swali. Ukichelewa kwenye habari utagongewa nyundo na swali halijatoka. Nikafanya mazoezi jikoni, binti yangu Agripina akiangalia saa ya ukutani. Agripina alikuwa na miaka kumi na sita. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiswidi, na jambo la mama yake halijibu kwa lugha yoyote. Alichoniomba kwa Kiswidi chake ni kimoja: nisilie mbele ya watu wa shuleni kwake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wenyeji walikaa mbele, sisi tukajikusanya kona ya kushoto karibu na Clementina: Waganda akina Dunstan na mkewe Damalie, Watanzania, Wakenya wawili watatu, na Mkongo mmoja aliyekuwa akichanganya Kifaransa. Mwenyekiti alikuwa kijana wa Kiswidi anaitwa Thomas, mpole, mwenye sweta. Huku hata mkubwa unamwita jina lake tu, wanasema ni usawa. Usawa wa majina wanao.

Mhandisi alianza. Alisema vizuri, sitamsingizia. Alionyesha picha za ile nyumba ya angani ilivyochorwa, akaeleza jinsi ya kuiendesha: hewa inasafishwa na kurudishwa, maji yanapandishwa kwa roketi tone kwa tone, na kila mtu mmoja aliye juu anahitaji mamia ya watu chini. Mwalimu akapinga, akasema mashine zinatosha. Mashine haili, haiugui, na ikipasuka hakuna mjane. Bibi mmoja mstaafu akainuka kutoka mbele akasema yeye angekwenda kesho, na anataka kwenda mtu, kwa sababu mashine haiwezi kurudi ikatuambia iliogopa nini. Watu wakampigia makofi. Kijana mmoja akauliza hiyo nyumba ya Wamarekani itakuwa na mizinga au haina. Mhandisi akajibu kwa maneno mengi, na sisi tuliotoka nchi zenye serikali tunajua maneno mengi maana yake nini.

Mama wa siasa alisema kidogo. Alisema nchi tajiri inaweza kutazama juu na chini kwa wakati mmoja. Nikaliandika hilo kichwani.

Kwenye orodha, jina la Kasiani lilikuwa kabla ya langu. Sikujua kama amejiandikisha. Alisimama na sare yake ya basi, maana alikuwa ametoka zamu, akasema kwa Kiswidi chake cha kituoni kwamba yeye yuko upande wa roketi. Alisema huwa anafika kituo cha mwisho anageuza, anafika mwisho mwingine anageuza, na inampendeza kujua kuna binadamu ambao gari lao halina kituo cha mwisho. Wenyeji walicheka vizuri. Hata mimi nilikiri moyoni kwamba Mngoni amesema.

Angekaa hapo, mambo yangeisha. Lakini alikuwa bado na muda, na mtani mwenye muda ni hatari. Akageukia kona yetu, akaingia Kiswahili.

"Ndugu zangu, anayenifuata ni Msukuma, na mnajua atakachosema. Atawaambia roketi zimemuua mkewe. Msimwamini. Paskalia namjua mimi. Yule mama alikuwa na akili kumshinda huyu mara mia. Aliona serikali inakaa vikao, kamati juu ya kamati, nani aende juu, nani asiende. Akasema mimi sisubiri kamati. Akaenda mwenyewe, bila roketi, bila kofia ya kioo, alimradi asisikie tena mtu huyu akikoroma. Na leo Msukuma anataka roketi zisimamishwe kwa sababu anaogopa. Anajua siku wakifika huko watamkuta Paskalia ameshaolewa, na aliyemwoa ni Mngoni."

Kona yetu ililipuka. Dunstan alijipiga paja. Damalie, ambaye ni Mganda na utani wa kwetu haumhusu, alifunika mdomo kwa kitambaa na mabega yakawa yanatetemeka. Mimi sikujua nicheke au nifanye nini.

Thomas alitabasamu, kama mtu anayependa kucheka pamoja na wenzake, akamwomba Clementina awatafsirie na wao.

Clementina alinitazama. Mkalimani wa kiapo hapunguzi wala haongezi, na kama angepunguza mara moja tu, basi hata hospitalini na mahakamani nani angemwamini tena? Akatafsiri. Akayaweka yote kwa Kiswidi safi, polepole, kama anasoma majibu ya vipimo, mke, kamati, kukoroma, mpaka na Mngoni wa mwisho.

Ukumbi ulikufa.  Bibi mstaafu aligeuka kumtazama Kasiani kama mtu aliyetema mate kanisani. Agripina, aliyekuwa pembeni yangu, alikuwa amenyauka. Kile alichokisikia kwa Kiswahili hakuwa amekielewa kama utani. Sasa alikuwa amekisikia mara mbili. Akaniuliza kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, anawezaje, huyu tunayemlisha kila Jumapili?

Thomas akagonga nyundo. Sauti yake haikupanda. Alisema maneno kama hayo juu ya marehemu na mbele ya mfiwa hayana nafasi katika nyumba ile, akamwomba Kasiani aondoke. Kasiani hakubisha. Alichukua koti lake la basi, akalivaa mkono mmoja, akaanza kwenda mlangoni. Hakuomba radhi. Wenyeji waliona ni kiburi. Mimi nilijua kwa nini. Mtani akiomba radhi, utani umekufa. Hawezi kujitetea mwenyewe. Anayeweza kumtetea ni yule aliyetukanwa, na akinyamaza basi hapana watani tena, kuna mtu mmoja tu aliyemtusi maiti wa mwenzake.

Na hapo ndipo yule mama wa siasa akasimama. Hakuna aliyemwita. Akazunguka meza, akasogea hadi safu yetu, akaniwekea mkono begani. Macho yake yalikuwa na maji, na sidhani kama alikuwa akiigiza. Akasema, Clementina akitafsiri, kwamba anaomba radhi kwa niaba ya wote kwa yale niliyolazimika kuyasikia, na kwamba msiba wangu ni wao pia.

Jamani. Tangu Paskalia azikwe nilikuwa nikingoja mkubwa mmoja aniambie neno hilo. Nililingoja kwenye simu, nililingoja nikipiga deki mabehewa, nilimwotea hata yeye mwenyewe. Na sasa limekuja, limekuja na mkono begani, lakini limekuja kwa kosa lisilo lake.

Thomas akanitazama kwa huruma akasema zamu ni yangu, na kwamba kwa hali ilivyo nisijali dakika, niseme kadiri ninavyotaka. Clementina akainama sikioni kwangu.

"Kaka Mashauri, ukumbi mzima ni wako. Muulize sasa. Leo hawezi kukukatalia."

Alikuwa anasema kweli. Nilisimama nikaona nyuso zote zimenigeukia, zimelainika kama siagi, na yule mama amekaa tena mezani, mikono imekunjwa, yuko tayari. Ningeuliza nani aliamua, angejibu. Ningemwambia aape, angeapa. Kilichotakiwa kwangu ni kimoja tu: nimwache Mngoni atoke.

Alikuwa ameshafika mlangoni. Mlango wa ukumbi ule ni mzito, unausukuma kwa bega, na mkono wake mmoja ulikuwa bado haujapata shimo la koti.

"Mwenyekiti," nikasema, "huyo mtu arudi akae. Hajamaliza kazi yake."

Clementina akatafsiri. Thomas hakuelewa. Nikasema tena, nikamwita Kasiani kwa sauti ya nyumbani.

"Wewe Mngoni, unakimbilia wapi? Babu zenu walitoka kusini mbio hawajui wanamkimbia nani, wakafika Songea pumzi zikawaishia wakasema tumefika kwetu. Sasa nchi ya kukimbilia imekwisha ndiyo unataka roketi. Kaa chini. Na huyo Mngoni mwenzako aliyemwoa mke wangu huko juu, mwambie mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hawapandi roketi. Atangoja foleni kama sisi."

Kona yetu ikacheka tena, ingawa kwa woga. Kasiani alisimama pale mlangoni, akanitazama. Kisha akavua ule mkono mmoja wa koti.

Halafu nikawaeleza wenyeji. Sikuwa nimejiandaa, na mimi si msomi, nilisoma mpaka darasa la nne. Niliwaambia kwamba kwetu mtu akifa ndugu hulia, na watani hucheka. Ni kazi yao. Mtani analala ndani ya kaburi na kusema hatoki. Anavaa nguo za marehemu na kutembea kama alivyotembea. Anamtukana mfiwa mpaka mfiwa acheke, na akishacheka ndipo chakula kinapita kooni. Pasipo mtani mmezika mwili tu. Tulipomzika mke wangu hapa, huyu bwana alikuwa kwao Songea, akimzika mama yake. Hapakuwa na mtani. Palikuwa na theluji, na kahawa, na keki, na watu wakasema kwa zamu kwamba ilikuwa ibada nzuri. Aliporudi alikuja na maua kama Mswidi, akakaa kwenye ncha ya kiti. Nadhani aliona tumeshakuwa watu wa huku, akaogopa. Leo hakuogopa. Kwa hiyo msimtoe. Leo ndiyo mke wangu anazikwa, na mnamtoa mzishi.

Nikamgeukia yule mama. Nikamwambia nimeshukuru kwa mkono wake, lakini radhi aliyoniomba si yake kuiomba wala si yangu kuipokea. Hakuna aliyenikosea hapa ndani kwa maneno. Radhi yangu iko kwingine.

Thomas alikuwa akisikiliza kwa makini, kalamu mdomoni. Clementina alipomaliza, Thomas aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata somo, akamwashiria Kasiani arudi kitini. Akasema wameelewa, na anashukuru. Halafu akatazama saa yake ya mkononi. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa amenipa muda usio na mwisho kwa sababu nilikuwa mtu wa kuhurumiwa, na sasa nimesema mwenyewe kwamba sihitaji kuhurumiwa. Huruma ilipoondoka, saa ikarudi.

"Swali langu," nikaanza, na nyundo ikagonga. Kwa upole kabisa. Akamwita anayefuata kwenye orodha, mwanafunzi mmoja aliyetaka kusema juu ya uchafu wa vyuma vilivyotupwa angani.

Nilikaa. 

Mwisho walipiga kura ya mikono, na wengi walikuwa upande wa mashine, binadamu abaki chini. Kasiani alinyoosha mkono wake wa sare kwa roketi, karibu peke yake na yule bibi mstaafu. Mimi nilinyoosha upande wa mashine. Haikuwa kura ya kitu chochote. Novemba mawaziri walikutana Uholanzi wakaafikiana mambo yao, na hakuna aliyetoka huko kuja kuuliza Husby walionaje.

Wakati wa kahawa yule mama alinifuata mwenyewe, kikombe mkononi. Akanipa mkono. Akasema kwa Kiswidi cha polepole kwamba ilikuwa ya kuvutia sana kusikia juu ya desturi zetu. Clementina alikuwa mbali, kwa hiyo nikamwuliza kwa Kiswidi changu cha ndoo na fagio: nani aliamua foleni? Alielewa. Niliona kabisa ameelewa, maana lile jicho la maji lilikauka. Akaniambia ni jambo zito, limeamuliwa na wengi kwa pamoja, na njia bora ni kuiandikia kamati. Akanitakia mwisho mwema wa juma. Nikabaki na kikombe. Kama kuna anayesoma haya na anadhani niliondoka pale nimesamehe, basi amesoma vibaya.

Tulirudi nyumbani watatu, kwa miguu, kati ya maghorofa. Agripina alitangulia, mikono mifukoni, hasemi na mtu. Kasiani akawa anamsemesha kwa nyuma, anamwita shemeji mdogo, anamwambia arithi akili ya mama yake maana ya baba haitoshi hata kwa mtu mmoja. Hakujibiwa. Mimi nilimwambia Mngoni kwamba amenigharimu swali langu, na kwamba lilikuwa moja tu.

"Najua," akasema. Tukatembea kidogo. "Ungeliuliza, ningetoka, na usiku wa leo ungekula na nani?"

"Na yule mama."

"Angekuletea keki."

Tulipofika ndani hakuvua viatu. Mswidi angezimia. Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwangu, nikasikia kabati linafunguliwa, na alipotoka alikuwa amevaa gauni la Paskalia la kanisani juu ya sare ya basi, na kilemba cha kitenge kimefungwa upandeupande. Akaanza kutembea sebuleni kwa madaha, akipapasa vumbi juu ya televisheni kwa kidole, akininyooshea hicho kidole, akinigombeza kwa sauti nyembamba juu ya soksi zangu. Nilikaa kwenye kochi. Nilicheka, naam, nilicheka mpaka nikashika tumbo, na kicheko kikatoka pamoja na yale mengine ambayo binti yangu aliniomba nisiyatoe mbele ya watu.

Agripina alisimama kwenye mlango wa jikoni, amekunja mikono. Alitazama gauni la mama yake kwenye mwili wa dereva wa basi. Nilidhani atakimbilia chumbani kwake. Kasiani akapita tena, kiuno kikienda huku na huku, akafika mezani, akageuka.

"Siyo hivyo," Agripina akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Kasiani akasimama.

"Mama hakuwa anatembea hivyo. Wewe unatembea kama bata." Akaja katikati ya chumba. Akaweka mkono mmoja mgongoni, pale ambapo Paskalia alikuwa akijishika baada ya kuinua wazee siku nzima, akavuta pumzi, akaburuza mguu wa kulia kidogo, kidogo tu, akaja kwangu na kidole. Alikuwa ni yeye. Hata Kasiani aliacha kuchezacheza.

"Mashauri," Agripina akasema kwa sauti ya mama yake, "hizi soksi zina mwenyewe?"

Kasiani akavua kile kilemba, akampa. Akaenda jikoni kufunua sufuria, na kwa kuwa hazikuwa na kitu, akaanza kuchemsha maji ya ugali, akilalamika kwa sauti kwamba Wasukuma hata msiba wao hauna chakula, huku sebuleni binti yangu akinigombeza kwa makosa yangu yote, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili ambacho sikujua kama anacho.